MSI MAG B550 Tomahawk: mazabodi ya kuovakloki inayohimili joto la Dar

Ukiingia duka la kompyuta Kariakoo au Posta ukasema unatafuta mazabodi ya kuovakloki, utaonyeshwa taa kwanza. "Mkuu, hii ndiyo yenyewe ya magemu, cheki inavyowaka." Muuzaji hana kosa, taa ndizo zinazouza. Ila anayetaka prosesa ikimbie juu ya kasi ya kiwandani bila kuganda saa tisa alasiri ya Februari, chumba hakina kiyoyozi na feni zote zinaunguruma, aangalie pale pasipowaka: safu ya vidude vyeusi iliyofunikwa na vipande vinene vya alumini, kushoto na juu ya soketi ya prosesa. Hapo ndipo MSI MAG B550 Tomahawk inapojitetea, na ndiyo sababu tunaiweka mbele ya mazabodi nyingi za AM4 (soketi ya prosesa za AMD Ryzen) zenye sura nzuri kuliko yake.

Si bidhaa mpya. Ilitoka 2020, ni ya ukubwa wa ATX, yaani sentimita 30.5 kwa 24.4, soketi AM4, nafasi nne za ramu za DDR4. Lakini Ryzen za familia ya 5000 bado zinapatikana mpya na za mkononi, ramu za DDR4 zimejaa kwa mafundi, na kwa anayejenga kompyuta ya mezani kwa kuokoteza kipande kimoja kimoja kila mwisho wa mwezi, AM4 bado ndiyo njia yenye vipuri vingi.

Kabla ya kuzungumzia umeme, kuna suala la ruhusa. Chipu ya mazabodi ndiyo inayoamua kama utafunguliwa mlango wa kuovakloki au la, na watu wengi mjini hapa wanapoteza hela kwenye hatua hii. Upande wa AM4, B450, X470, B550 na X570 zinaruhusu. A320 na A520 haziruhusu hata ukiweka prosesa ya bei mbaya. AM5, soketi iliyofuata AM4, ina B650, X670, B850 na X870 zinazoruhusu, na A620 isiyoruhusu. Intel ni wakali zaidi: unahitaji prosesa yenye herufi K na chipu ya Z, kama Z690, Z790 au Z890. Ukiambiwa "weka i5 ya K kwenye B760, inapiga tu", itapiga kweli, ramu utaiongeza kasi, lakini kizidisho cha prosesa, ile namba inayopanga kasi yake, kimefungwa na pesa ya ile K imepotea bure. Ryzen karibu zote ziko wazi. Ya kuwa nayo macho ni 5800X3D, ambayo AMD wenyewe waliifunga kizidisho.

Umeme wa prosesa, kwa hesabu

Sehemu inayoitwa VRM inapokea volti 12 kutoka kwenye pawasaplai na kuzishusha hadi volti moja na kidogo, ambayo ndiyo prosesa inaitumia. Wati ni volti mara ampea. Chukua Ryzen 9 5950X iliyokazwa mpaka inakula wati 200 kwa volti 1.25: hizo ni ampea 160 zinazopita kwenye eneo dogo kuliko kiganja.

MSI wameiandikia Tomahawk 10+2+1, yaani idadi ya fezi, njia zinazogawana kazi hiyo ya kushusha umeme. Kumi ni za viini vya prosesa, mbili za sehemu ya SoC (kidhibiti cha ramu na vingine vilivyo ndani ya prosesa), moja ya shughuli za pembeni. Wajuaji watakwambia kumi hizo ni fezi tano zilizowekwa pacha, ishara moja ya kidhibiti ikiendesha vidude viwili kwa pamoja. Ni kweli, na kwa upande wa joto haina shida yoyote, maana mkondo bado unagawanywa kwa vidude vyote kumi, kila kimoja cha kiwango cha ampea 60. Ampea 160 kugawa kwa kumi ni 16.

Sasa mzigo huohuo upeleke kwenye mazabodi ya fezi nne. Kila fezi inabeba ampea 40. Joto linalozalishwa na ukinzani wa mosfeti, swichi za umeme zilizo ndani ya fezi, hukua kwa mraba wa mkondo, hivyo kama ukinzani ni uleule, kila fezi inatoa joto mara 6 na robo, na mazabodi kwa jumla mara 2 na nusu. Hapo bado hatujataja kwamba mosfeti za bei rahisi zina ukinzani mkubwa zaidi, na kwamba ukinzani wenyewe unapanda kadiri kidude kinavyopata joto. Ndiyo maana kompyuta inaweza kwenda vizuri dakika kumi za mwanzo za kazi nzito halafu ikaanza kuchechemea.

Usidanganyike pia kwa kuzidisha 60 mara kumi ukapata ampea 600. Kiwango kile kimepimwa kwenye hali ya ubaridi ambayo hutaipata Manzese wala Masaki. Kichukulie kama nafasi ya ziada: kidude cha 60 kikibeba 16 kinapumua, kikibeba 40 kinahema.

Kwa nini hili ni kubwa zaidi hapa kwetu? Kuanzia Desemba hadi Machi hewa ya nje mchana inafika nyuzi 32 au hapo karibu, na chumba chenye kompyuta inayofanya kazi kinazidi hapo. Kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani inaongezeka pia kwenye VRM, karibu moja kwa moja. Mapitio mengi yanayosomwa mtandaoni yamefanyiwa vyumba vya nyuzi 20 au 22. Ukiona mahali wameandika VRM ilifika 85, jumlisha kumi kabla hujafurahi.

Hitisinki za Tomahawk, vile vipande vya alumini, ni nzito kweli, na ile ya kushoto imeendelezwa hadi kwenye kifuniko cha bandari za nyuma, kwa hiyo eneo la kutolea joto ni kubwa. Faida nyingine haionekani haraka: kapasita. Kapasita za polima zilizo pembeni ya koili huishi takriban mara kumi zaidi kwa kila nyuzi 20 unazozipunguzia. VRM iliyokaa kwenye 65 badala ya 85 inabadilisha umri wa mazabodi nzima.

Dukani, kabla ya kutoa hela

Kama ni mpya, dai risiti ya EFD na hakikisha serial namba iliyo kwenye boksi inafanana na ile ya kibandiko cha kwenye mazabodi. Bila hivyo, waranti ni maneno matupu.

Kama ni used kutoka Dubai, washa tochi ya simu. AM4 haina pini kwenye mazabodi, pini ziko kwenye prosesa, hivyo unachokagua kwenye soketi ni matundu: lisiwepo lililojaa pesti au lenye pini iliyokatikia ndani. Zungusha macho kwenye skrubu za hitisinki. Zikiwa zimekwaruzwa, mtu alishafungua, na tepe laini ya kupitisha joto iliyo chini yake huenda imechanika au haikurudishwa mahali pake. Geuza mazabodi. Pembeni mwa matundu ya kufungia kipozeo ndipo bisibisi huteleza, na mkwaruzo mmoja ukikata njia ya shaba utapoteza nafasi moja ya ramu au zaidi. Halafu jambo linalosahaulika kuliko yote: angalia kama lile bamba la chuma la nyuma ya soketi lipo. Aliyeuza mwanzo alikuwa na kipozeo kikubwa chenye bamba lake, akalivua la asili akaliacha kabatini. Ukifika nyumbani bila hilo, kipozeo hakifungiki, na kulitafuta peke yake Kariakoo ni kazi ya siku.

Omba pia iwashwe mbele yako na kila nafasi ya ramu ijaribiwe kwa ramu moja moja. Muuzaji akigoma, ondoka.

Bayosi ya zamani, ile programu ya kuwashia mazabodi, haina haja ya kukutisha. Tomahawk za mwanzo zilitoka kabla ya Ryzen 5000, hivyo prosesa mpya kwenye bayosi ya 2020 inaweza isiwake kabisa, feni zinazunguka na skrini nyeusi. Mazabodi hii ina kitufe cha Flash BIOS nyuma, kinachofanya kazi bila prosesa wala ramu. Pakua faili la toleo jipya kutoka tovuti ya MSI, lifungue, lipe jina MSI.ROM, liweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32. Unganisha kebo ya pini 24 na ile ya pini 8, chomeka flashi kwenye tundu la USB lililoandikiwa kazi hiyo, bonyeza kitufe mpaka taa ianze kupepesa, kisha usiguse kitu mpaka iache. Ni dakika kadhaa. Umeme ukikatika katikati, kitufe hichohicho ndicho mwokozi: rudia tangu mwanzo. Mazabodi isiyo na kitufe ikikatikiwa hivyo inakwenda kwa fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu.

Kufunga

Hapa tutapita haraka, maana mengi ni ya kompyuta yoyote. Vile vijiguzo vya shaba vya keisi viwe tisa, na kila kimoja kiwe chini ya tundu lake; kimoja cha ziada kikigusa mgongo wa mazabodi kinaleta shoti ya kujificha, ile ya kompyuta inayowaka ikiwa mezani na kukataa ikiwa ndani ya keisi. Kebo ya prosesa ya pini 8 ichomekwe mpaka isikike "tak".

Ramu ndizo zinahitaji maneno zaidi. Weka mbili, kwenye nafasi ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Njia za ramu kwenye mazabodi hii zimepita nafasi ya kwanza kuelekea ya pili, kwa hiyo ukiweka ya kwanza na kuacha ya pili tupu, ile ncha iliyobaki inarudisha mwangwi wa mawimbi na kasi kubwa inakataa. Fundi anayeweka 1 na 3 "kwa sababu zinafanana rangi" anakuachia ramu ya 3600 inayogoma juu ya 3000, halafu lawama inapewa ramu. Ramu nne kwa pamoja zinakubali, lakini punguza matarajio ya kasi.

Kuhusu upozaji, kipozeo cha mnara chenye feni kinafaa kuliko cha maji kwa mtu asiye na kiyoyozi. Sababu ni VRM. Feni ya mnara inavuta hewa na kuipitisha juu ya hitisinki za pembeni hata bila kukusudia. Pampu ya maji iliyokaa juu ya prosesa haisukumi hewa yoyote. Ukipenda maji, radieta ifunge juu ya keisi, feni zikitoa nje, ili upepo ulazimike kupita pale. Na keisi yenye kioo mbele ni mapambo ya nchi za baridi. Chukua yenye wavu.

Kuiseti: sahau kufunga viini vyote kasi moja

Kuna mazoea ya zamani ya kuandika kizidisho kimoja kwa viini vyote, kuongeza volti mpaka iache kuanguka, na kutamba na picha ya skrini. Kwa Ryzen 5000 ni hasara. Ryzen 7 5800X ya kiwandani inapanda hadi GHz 4.7 kwenye kazi ya kiini kimoja. Ukiifunga yote kwenye 4.5, umeongeza joto na umepunguza kasi ya magemu mengi.

Kinacholipa ni PBO, inayolegeza mipaka ya umeme ili prosesa ipande yenyewe, pamoja na Curve Optimizer, inayopunguza volti za kila kiini, na hapa bayosi ya MSI ni rahisi kuliko za wengine. Ingia OC, kisha Advanced CPU Configuration, kisha AMD Overclocking. Washa A-XMP kwanza ili ramu zisome kasi yake. Kwa 3600 weka FCLK (kasi ya njia ya ndani ya prosesa) 1800 ili zitembee sambamba, na volti ya ramu ibaki 1.35. Volti ya SoC 1.1 inatosha. FCLK ya 1900 wachache wanaipata bila makosa, zaidi ya hapo ni bahati ya chipu yako.

Kisha PBO iwe Advanced. Kiwanda kimeipa 5800X wati 142, TDC (mkondo wa muda mrefu) ampea 95 na EDC (mkondo wa ghafla) ampea 140. Tomahawk ina uwezo wa kutoa zaidi ya hapo bila kutoka jasho, lakini kipozeo chako hakina: prosesa hii ina kikomo cha nyuzi 90, na Dar itafika hapo mapema. Ushauri wetu unaenda kinyume na mazoea: anza na wati 120, TDC 80, EDC 125. Utapoteza kidogo sana kwenye kazi za viini vyote, na utakuwa na joto la chini linaloiruhusu prosesa kukaa kwenye kasi ya juu kwa muda mrefu. Halafu Curve Optimizer, viini vyote, alama hasi, 10. Kila hatua moja ni takriban milivolti 3 hadi 5 zinazoondolewa, kwa hiyo 10 ni punguzo dogo ambalo chipu nyingi zinalimudu. Shuka kwa hatua tano tano. Vile viini viwili bora ambavyo programu ya AMD inavitia alama ndivyo vitakavyogoma kwanza, maana kiwanda tayari kimevikamua. Viachie 5 au 10 huku vingine vikienda 20 au 25.

Kosa linalowapata wengi ni kupima kwa kazi nzito tu. Cinebench, programu ya kupima kasi, inapita, wanashangilia, usiku kompyuta inajizima na kujiwasha ikiwa imeachwa na kivinjari wazi. Punguzo la Curve Optimizer linauma zaidi kwenye mzigo mwepesi, kiini kimoja kinaporuka hadi kasi ya juu kabisa na volti haijafika ilipotakiwa. Pima kwa CoreCycler, inayokamata kiini kimoja kimoja, usiku kucha, na siku inayofuata tena mchana wa joto. Ramu zipime peke yake kwa TestMem5 au MemTest86 kabla hata hujagusa prosesa, la sivyo hutajua nani mwenye kosa.

Na sasa Loadline, ambayo ndiyo inayounguza mazabodi za watu wanaofuata video. Volti hushuka kidogo mzigo unapoingia, na hiyo imekusudiwa, kwa sababu mzigo ukitoka ghafla volti inaruka juu kwa muda mfupi sana. Ukilazimisha mstari uwe tambarare, ule mruko unaongezeka, na hakuna programu ya Windows itakayokuonyesha. Kwenye MSI, ndani ya DigitALL Power, Mode 1 ndiyo kali kuliko zote na namba kubwa ni laini. Kwenye ASUS ni kinyume, namba kubwa ndiyo kali. Mtu aliyezoea moja akihamia nyingine na kuandika namba ileile anaweza kupeleka volti asizozitaka. Kwa PBO acha Auto. Ukifunga kasi kwa mkono, Mode 4 au 5 hadi upate sababu ya kwenda kwingine.

Kuongeza BCLK, saa ya msingi ya MHz 100, usijisumbue. Tomahawk haina jenereta ya saa ya pembeni, hivyo ukigusa 100 unaburuza na PCIe na SATA (njia za kadi na diski) pamoja, na ukipita 102 au 103 unacheza na mafaili yako.

Ikianguka, soma kumbukumbu kabla ya kugusa volti

Fungua Event Viewer ya Windows. Ukikuta WHEA-Logger (ripoti ya makosa ya vifaa) namba 18, kiini kimetoa kosa lisilosameheka: rudisha Curve Optimizer kwa hatua tano kwenye kiini kilichotajwa. Kuna mtego hapa, namba iliyoandikwa ni ya APIC ID, na kwa prosesa yenye threads mbili kila kiini unaigawa kwa mbili. 6 na 7 ni kiini cha 3, ukihesabu kuanzia sifuri. WHEA namba 19 zikimiminika bila kompyuta kuanguka, FCLK iko juu, ishushe. Kasi ikiporomoka ghafla chini ya GHz 1 katikati ya kazi kisha ikarudi, angalia joto lililoandikwa MOS ndani ya HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta: hapo VRM inajiokoa. Kwa Tomahawk yenye hewa ya kawaida hilo si la kutarajia; likitokea, hitisinki imelegea au tepe yake haipo.

Ukikuta Kernel-Power 41 (kompyuta ilizimika ghafla) peke yake, bila WHEA, mshuku wa kwanza ni umeme. Nyumba ya volti 230 inayoshuka kila pampu ya maji au friji inapoanza, au stebilaiza inayolia "ka-ka-ka" jioni, inaweza kuangusha mashine ambayo prosesa yake haina tatizo lolote. Saikoli moja ya umeme wa hezi 50 ni milisekunde 20. Pawasaplai nzuri ikiwa na mzigo kamili inashikilia takriban 16 au 17 umeme unapopotea; za bei chee hazifiki hapo. Relei ya stebilaiza, swichi yake ya ndani, ikichelewa kuhama, tayari umezidi muda huo. Dawa ni pawasaplai yenye PFC hai (saketi inayorekebisha jinsi inavyovuta umeme) na nafasi ya kutosha, na UPS iliyo kati yake na ukuta. Kabla ya kulaumu mazabodi, rudisha bayosi kiwandani na uendeshe siku mbili. Ikijizima bado, kuovakloki hakuhusiki.

Halafu ile hali ya kugusa keisi ukahisi vidole vinawasha. Nyumba haina ethi, au tundu lina pini tatu kwa mapambo. Vichujio vya pawasaplai vinaacha chuma cha keisi kikielea karibu nusu ya volti za ukutani, kwa mkondo mdogo sana. Hakuui, lakini kila ukichomeka USB au HDMI ya kifaa kingine, cheche ndogo inatafuta njia kupitia mazabodi. Mwite fundi umeme achimbie ethi. Ni nafuu kuliko bandari za USB.

Kwa wa Kigamboni, Mbezi Beach na kwingine karibu na bahari, vumbi lenye chumvi likinyonya unyevu linapitisha umeme. Puliza hitisinki na nafasi za ramu kila miezi mitatu, mashine ikiwa imechomolewa. Usitumie kitambaa chenye maji.

Mabaya yake

Toleo hili la kawaida halina Wi-Fi. Lina matundu mawili ya kebo ya mtandao, moja la gigabiti 2.5, ambayo kwa nyumba nyingi za hapa zinazotumia ruta ya laini ya simu iliyowekwa dirishani sebuleni ni anasa isiyo na mtumiaji. Ongeza gharama ya kadi ya Wi-Fi kwenye hesabu yako.

Nafasi ya pili ya M.2 (ya diski za SSD) ni PCIe 3.0 tu, diski ya kasi iende ya kwanza. Hakuna kitufe cha kufuta mipangilio, kwa hiyo bayosi ikigoma unachomoa umeme na kugusanisha pini mbili za JBAT1 kwa bisibisi sekunde kama kumi, kazi ya kukera kama kadi kubwa ya picha imezifunika. Taa nne ndogo za kuonyesha hitilafu zinasema ni prosesa, ramu, kadi ya picha au diski, lakini hakuna namba ya kueleza zaidi. Na kwa used, badilisha betri ya CR2032 siku hiyohiyo. Ikiisha, mipangilio yako yote inapotea umeme ukikatika, na utadhani mazabodi mbovu.

Nyingine za kuweka mizani

ASUS TUF Gaming B550-Plus, 8+2, iko karibu sana nayo; ukiikuta kwa bei ya chini ichukue bila wasiwasi hata kwa 5900X. MSI B450 Tomahawk Max ina jina lilelile lakini fezi nne: inafaa 5600 na 5700X, usiipandishie 5950X iliyokazwa. Anayekwenda AM5 kwa bajeti atazame ASRock B650M-HDV/M.2, ndogo, haina sura, VRM yake ni ya heshima. Ahakikishe tu bayosi si ya kabla ya katikati ya 2023, maana matoleo ya mwanzo ya AM5 yaliruhusu volti ya SoC iliyounguza prosesa za X3D, na AMD wakaweka kikomo cha 1.30. Wa Intel kizazi cha 13 na 14 nao wana kazi: prosesa nyingi ziliharibika kwa volti zilizozidi, na marekebisho ya volti hizo kupitia bayosi yalitoka Agosti 2024 na toleo 0x129 la microcode (programu ya ndani ya prosesa), likafuatwa na 0x12B. Prosesa ya used ya kundi hilo iliyokaa miaka kwenye bayosi ya zamani tungeiacha mezani kwa muuzaji.

Kama una Ryzen 5 5600 na huna mpango wa kupanda, Tomahawk ni kubwa kuliko mahitaji yako. Prosesa hiyo ina kikomo cha wati 76 kutoka kiwandani, na hata Gigabyte B550M DS3H yenye fezi tano za viini inaibeba na Curve Optimizer yake bila shida. Tofauti ya bei iweke kwenye pawasaplai.